Faragha Si Siri

Andiko: Marko 7:31-37. Soma pia 2 Samweli 13:1-22 na 1 Wakorintho 12:22-24.

Huu ni ujumbe wa Jumapili iliyopita. Kama ulikuwa kazini ama safarini, usome wote. Kama ulikuwepo, usome tena pamoja na watu wa nyumbani kwako, maana si ujumbe wa kusikia na kusema amina peke yake, ni ujumbe wa kwenda kufanya. Unajua sisi wahubiri tunapenda kusema, "Mguse jirani yako umwambie." Safari hii hatukusema hivyo. Tuliwaomba mumuulize jirani kwanza kama mnaweza kumshika mkono. Watu walicheka kidogo, lakini sababu ilikuja kuonekana.

Tulikuwa tunazungumzia watoto wetu wenye mahitaji maalum: wenye usonji, wenye hali ya Down, wenye mtindio wa ubongo, viziwi, wasioona, na wale ambao akili zao hujifunza polepole. Hapa Tena, na kule Umoja na Donholm, wako wengi kuliko tunavyowaona ibadani. Wengine hawatoki kwa sababu nyumba iko ghorofa ya nne na ngazi ni nyembamba. Wengine mama zao wamechoka na maneno ya majirani. Lakini wako, na Mungu anamjua kila mmoja kwa jina. Swali letu lilikuwa rahisi: ni nani amewafundisha hawa watoto kwamba mwili wao ni wao?

Tusidhani ni jambo dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 hapa Kenya ulionyesha kwamba karibu msichana 1 kati ya 3, na karibu mvulana 1 kati ya 5, alipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hao ni watoto kwa jumla. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, ambao sehemu kubwa ulitumia tafiti za nchi tajiri. Ulionyesha kwamba mtoto mwenye ulemavu wa kiakili yuko katika hatari ya ukatili wa kingono zaidi ya mara nne kuliko mtoto asiye na ulemavu. Mara nne, watu wa Mungu! Na hizo ni nchi zenye wahudumu wa jamii na magari ya shule. Sisi je?

WATU WAWILI WALIOTENGWA

Katika Marko 7, watu wanamletea Yesu kiziwi mwenye shida ya kusema, wanamwomba amwekee mkono. Ombi zuri. Umati umejaa, kila mtu anataka kuona muujiza. Yesu anafanya nini kwanza? Anamtoa huyo mtu katika umati, anampeleka kando. Biblia yetu inatumia neno faraghani. Halafu anagusa masikio, anagusa ulimi, anatazama juu mbinguni. Angalia vizuri mpangilio huo. Mtu asiyesikia huwezi kumweleza kwa maneno. Yesu anaeleza kwa vidole: ni hapa masikioni, ni hapa kwenye ulimi, na uwezo unatoka juu. Huyu mtu, ambaye labda maisha yake yote amevutwa huku na kule na watu wanaomsemea, sasa anajua anafanyiwa nini na ni kwa nini. Ulemavu wake haukugeuzwa kuwa maonyesho.

Sasa fungua 2 Samweli 13. Hapa kuna mtu mwingine aliyetengwa na watu. Amnoni anajifanya mgonjwa, anaomba dada yake Tamari aje amhudumie, kisha anaamuru kila mtu atoke nje. Tamari alikataa, na alikataa kwa maneno yaliyo wazi kabisa. Hakusikilizwa. Baadaye ndugu yake Absalomu akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemdhuru ni ndugu. Na Daudi, baba yao na mfalme, alikasirika sana, lakini hatusomi popote kwamba alichukua hatua.

Kwa hivyo, wote wawili walitolewa mbele ya watu. Kiziwi alipelekwa kando ili heshima yake ilindwe, na wale waliomleta walikuwa papo hapo kuona matokeo. Tamari alibaki peke yake ili asiwepo shahidi, na mwisho akaambiwa afunge mdomo. Ya kwanza ni faragha. Ya pili ni siri. Mzazi anayeweza kutofautisha hayo mawili, na akamfundisha mtoto wake kuyatofautisha, amempa ulinzi wa kweli.

MANENO TUNAYOTUMIA

Sisi Waswahili tumezoea kusema "sehemu za siri". Hebu tafakari. Mwenye nia mbaya naye humwambia mtoto nini? "Hii ni siri yetu." Mtoto anayejifunza polepole hushika neno vile lilivyo. Kama wewe umemwambia huko ni kwa siri, na yule amemwambia ni siri, atanyamaza akidhani anatii. Afadhali tuseme sehemu za faragha. Mwambie: faragha ni mlango unaofungwa ukioga, ukivaa, ukienda choo. Mdomo haufungwi. Yanayokupata ndani ya huo mlango, wakati wowote unaweza kumwambia mama, baba au mwalimu.

Halafu tuwape majina halisi. Najua kanisani tutaona aibu, lakini tuseme: uume, uke, matiti, matako. Mungu aliviumba na hakuona haya. Tukizipa sehemu hizo majina ya chakula na ya mzaha, siku mtoto atakaposema kwamba fulani amegusa mkate wake, mwalimu atadhani ni habari ya mapumziko ya saa nne. Mtoto alikuwa ameshasema ukweli, lakini kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa.

MIKONO MINGI

Fikiria mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo. Kwa siku moja tu, mama amemwogesha, dada wa nyumbani amembadilisha nepi, dereva amembeba hadi kwenye gari la shule, mwalimu msaidizi amemlisha, mtaalamu wa viungo amemnyoosha miguu, na jioni kijana wa jirani amempandisha ngazi. Hiyo ni mikono ya watu sita. Wote wana nia njema. Lakini kama hakuna hata mmoja aliyemwambia anataka kufanya nini, mtoto amejifunza somo moja mara sita: mwili wangu ni wa yeyote anayeufikia. Siku mtu wa saba akija na nia mbaya, mtoto atajuaje kwamba huyu ni tofauti?

Ongeza jambo lingine. Mtoto kama huyu tunamsifu kwa utiifu kuliko kitu chochote. "Huyu hana shida, ukimwambia kaa, anakaa." "Mpe shosho mkono." "Mkumbatie anko, usiwe na madharau." Adabu ni nzuri, na Biblia inawaamuru watoto kuwaheshimu wazazi. Lakini Paulo katika Waefeso 6:1 anautia utii huo ndani ya Bwana. Utii una mpaka. Mtoto ambaye hajawahi kuruhusiwa kusema hapana kwa jambo dogo, hataweza kuisema kwa jambo kubwa. Akikataa kumkumbatia mgeni, mwache apunge mkono. Mgeni mwenye busara hatakasirika.

Yesu mwenyewe aliuliza. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu aliona shida yake, lakini katika Marko 10 Bwana alimuuliza anataka afanyiwe nini. Katika Yohana 5 alimuuliza mtu aliyekuwa ameugua miaka 38 kama anataka kupona. Kama Mwana wa Mungu, anayejua yaliyo moyoni, aliuliza kabla ya kuhudumu, wewe na mimi ni nani tusiulize?

TUTAFUNDISHAJE?

Wazazi wengi huniambia, "Pasta, wangu haelewi." Anaelewa, lakini kwa njia yake: kwa kuona, kwa kufanya, na kwa kurudiarudia. Hotuba ya dakika ishirini haitamsaidia. Fanya hivi.

Kwanza, sema kabla ya kushika. "Sasa naosha mkono. Sasa naosha mguu." Hata kama haongei, sema, kisha subiri kidogo. Anayeweza kushika sponji ashike mwenyewe. Kwa sehemu za faragha, weka mkono wake juu ya sponji umwongoze, mpaka siku atakapoweza peke yake. Kila kazi anayojifanyia mwenyewe inapunguza mkono mmoja wa mtu mwingine mwilini mwake.

Pili, tengeneza faragha na hicho ulicho nacho. Mtu ataniuliza, "Nyumba yangu ni chumba kimoja, watu watano, faragha nitaitoa wapi?" Tundika leso kwenye kamba. Ikishuka, wengine wanageuka. Usimbadilishe mtoto nguo mlangoni ama kwenye korido ya ploti ati kwa sababu "haelewi". Paulo anasema katika 1 Wakorintho 12 kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo tunavyovihitaji, na vile visivyo na uzuri ndivyo tunavyovivika heshima zaidi. Hiyo leso ni mahubiri.

Tatu, tumia picha na mwanasesere. Chora mwili, paka rangi sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani, umwonyeshe: hapa haguswi na mtu, ila kwa kusafishwa au kutibiwa, na nikijua. Chora duara pia: ndani ni wewe, kisha wa nyumbani tunaokumbatiana, kisha walimu na majirani tunaosalimiana kwa mkono, kisha watu wa stejini tunaopungia tu.

Nne, mpe njia ya kusema hapana. Kama hana maneno, mfundishe kuinua kiganja. Kisha uiheshimu hiyo ishara. Ukimtekenya akainua kiganja, acha hapo hapo, hata kama anacheka. Na usingoje kiganja tu. Kugeuza uso, kukaza mwili, kulia akimwona mtu fulani, kuanza tena kukojoa kitandani: mtoto anaongea, hebu sikiliza.

Tano, mfundishe mipaka ya wengine pia. Mtoto wa miaka 5 akikumbatia kila mtu tunasema ana upendo. Akifika 15 na sauti nzito, akimkumbatia mwanamke asiyemjua huko Outering, watu hawatauliza kama ana usonji. Mnajua mtaa wetu, mtu huitiwa kelele dakika moja na mawe huanza kurushwa. Kijana wako akijivua nguo sebuleni au kujishika mbele ya wageni, usimpige, na usikimbilie kusema ni pepo. Mwili wake umekua kama wa vijana wote, kilichobaki nyuma ni mafundisho. Mwongoze chumbani bila kelele, umwambie hayo hayafanywi mbele za watu, na utumie maneno yaleyale kila mara.

Ongea na mwalimu wake ili nyumbani na shuleni mtumie maneno na picha zile zile. Katika mtaala wa sasa, wanafunzi ambao hawafuati masomo ya kawaida hufundishwa kuoga, kuvaa na kwenda choo kama sehemu ya masomo. Hapo ndipo somo la faragha linaingia vizuri. Na kama mtoto hajawahi kupimwa, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kule Kasarani, ina kituo cha kutathmini watoto. Usimfiche.

NA SISI KANISA?

Nilipokuwa nikisomea biashara tulifundishwa jambo moja ambalo limenifaa hata kwenye huduma: anayepokea pesa asiwe ndiye peke yake anayeziandika kitabuni. Hasara kubwa mara nyingi haitokani na mwizi anayeruka ukuta. Inatokana na mtu anayeaminiwa mpaka hakuna tena anayekagua daftari lake. Ndiyo maana sadaka yetu huhesabiwa na watu zaidi ya mmoja, na wote hutia sahihi. Hakuna mhesabu anayekasirika akisema tunamshuku. Anajua utaratibu huo unamlinda na yeye pia.

Sasa niambie, mpendwa: noti ya shilingi mia tunailinda kwa macho mawili na sahihi mbili, na mtoto asiyeweza kusema tunamwacha achukuliwe choo na mtu mmoja kwa sababu "tunamjua, ameokoka"? Mtoto ana thamani ndogo kuliko sadaka? Yesu alipozungumza juu ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, Mathayo 18, alitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Hakutaja jambo hilo kwa upole.

Kwa hivyo wazee na walimu wa Shule ya Jumapili tumekubaliana haya. Mtoto anayehitaji msaada wa choo atasaidiwa na mzazi wake, au mtu ambaye mzazi mwenyewe amemtaja, na mhudumu wa pili atakuwa karibu, mahali anaposikia. Mtoto hatavuliwa nguo mbele ya wengine, na wala hatafungiwa ndani na mtu mmoja. Hakuna kupiga picha watoto hawa wakiombewa. Na kabla ya kumwekea mtoto mikono tutamuuliza mzazi, kisha tutamuuliza mtoto mwenyewe. Mtoto mwenye usonji anaweza kuumizwa na mguso ambao kwako ni wa upole. Akipiga kelele wakati wa maombezi, mtu anasema ni mapepo. Huenda anasema tu, "Usinishike." Mungu anasikia maombi hata mkono wako ukiwa mfukoni.

IKITOKEA

Tunaomba isitokee. Lakini ikitokea, usifanye kama Absalomu na usifanye kama Daudi. Mtoto akikuambia, kwa neno au kwa ishara, mwamini. Mwambie si kosa lake. Usimuulize maswali mia, wala usimwekee maneno mdomoni. Usimwoshe na usifue nguo zake, ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama Lucy Kibaki iko karibu nasi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Piga ripoti polisi, upewe nambari ya OB na fomu ya P3. Simu ya watoto ni 116, ni ya bure, usiku na mchana. Kwa mtu mzima, piga 1195.

Mtu asikuambie kwamba mtoto asiyeongea vizuri hawezi kusikizwa mahakamani. Katiba yetu, kifungu cha 50, inaruhusu mpatanishi wa kumsaidia mlalamishi kuwasiliana na mahakama, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtambua mtoto na mtu mwenye ulemavu wa akili kama shahidi anayehitaji ulinzi. Sheria hiyo hiyo inampa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kurudi chini kifungo cha maisha. Hili si jambo la kumaliza kwa kikao cha familia, mbuzi na soda. Na mzee wa kanisa, au pasta, akikushauri unyamaze ili jina la kanisa lisichafuke, usimsikize. Jina la kanisa huchafuka tunapomficha Amnoni.

KAZI YA WIKI

Jumatatu hadi Jumatano, sema kabla ya kumshika mtoto, kila mara. Alhamisi, chora duara pamoja naye. Ijumaa, mfundishe kiganja cha kusema hapana, na watu wote wa nyumbani wakijue. Jumamosi, mtembelee jirani mmoja mwenye mtoto kama huyu. Usiende na ushauri, nenda na unga na masikio. Jumapili, njooni naye. Kama ni ngazi, vijana wetu wako tayari kusaidia, na watauliza kwanza.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyempeleka kiziwi kando na umati, utupe macho ya kuona heshima uliyoiweka katika kila mwili. Wafunike watoto wetu. Wape sauti wasio na sauti, na sisi utupe masikio. Waponye waliokwisha kuumizwa, waondolee aibu isiyo yao. Tusiwe nyumba ambayo Tamari ananyamazishwa. Katika jina la Yesu, amina.